Mbio za Matarishi na Swali la Mwenye Saa

Mwaka 2012 zilitoka filamu mbili kuhusu kundi moja la watu: matarishi wanaosambaza hati na vifurushi kwa baiskeli katika miji mikubwa ya Marekani. Ya kwanza ni Premium Rush, iliyotengenezwa Hollywood, ikaongozwa na David Koepp na kuchezwa na Joseph Gordon-Levitt. Ya pili ni Line of Sight, filamu huru iliyoongozwa na Benny Zenga kwa kutumia picha ambazo Lucas Brunelle alizipiga kwa zaidi ya miaka kumi akiwa juu ya baiskeli yake. Ile ya kwanza ilifika katika majumba ya sinema ya nchi nyingi. Hii ya pili inajulikana zaidi miongoni mwa wapenda baiskeli, na ndiyo ninayotaka kuijadili hapa, kwa sababu imebeba ukweli mwingi kuliko mwenzake, na kwa sababu kile inachokiacha nje ya picha kinatuhusu sana sisi tunaoishi Dar es Salaam, Nairobi au Kampala.

Hoja yangu ni hii: mbio zinazoonyeshwa katika Line of Sight zilizaliwa na kazi. Asiyeiona kazi hiyo atamshangilia mwendeshaji au atamlaani, lakini katika hali zote mbili atakuwa hajamuona yule aliyeishika saa.

Nianze na filamu yenyewe. Brunelle alifunga kamera juu ya kofia yake ngumu, akaingia katika mbio zisizo na kibali, akawafuata washindani wenye kasi kuliko wote. Hakukaa kando ya njia na kuwangoja wapite. Ili apate picha ya anayeongoza, ilimlazimu awe na mbio kama zake, apenye palepale alipopenya, na avuke makutano kabla magari hayajaziba nafasi. Mtazamaji anajikuta katikati ya mabasi mawili yanayokaribiana, anaona kioo cha pembeni cha teksi kikipita karibu na kiwiko, anaona taa nyekundu ikimjia na hakuna anayepunguza mwendo. Filamu inatoka katika mitaa ya miji na kuingia katika barabara za kasi za jiji la Mexico, inapita juu ya barafu ya mto Charles huko Boston, inafika Ukuta Mkuu wa China na misitu ya Guatemala.

Mbio zenyewe huitwa kwa Kiingereza alleycat, yaani paka wa vichochoroni. Zinazotajwa kuwa za kwanza kwa jina hilo zilifanyika Toronto, Kanada, mwaka 1989. Mwaka 1993 matarishi wa baiskeli kutoka nchi mbalimbali walikutana Berlin katika mashindano yao ya kwanza ya dunia. Tangu mwaka 2000 New York imekuwa na mbio ziitwazo Monstertrack, ambazo washiriki hutumia baiskeli za uwanjani zisizo na breki: gurudumu la nyuma limefungamana na pedali, hivyo baiskeli ikienda miguu nayo huzunguka, na anayetaka kusimama huizuia kwa nguvu za miguu yake.

Utaratibu wa mbio hizi unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa humo ndimo mna siri ya jambo lote. Njia haichorwi. Wakati wa kuanza, kila mshindani hukabidhiwa karatasi yenye orodha ya vituo: anwani fulani, duka fulani, kona fulani. Katika kila kituo hugongewa muhuri au kuwekewa sahihi, kisha huendelea. Atapita wapi, ataanza na kituo kipi, atakwepa daraja lipi, hayo ni yake kuamua. Anayemaliza orodha kabla ya wenzake ndiye mshindi. Miguu yenye nguvu haitoshi. Yampasa aujue mji kama mvuvi ajuavyo miamba: mtaa upi hufungwa saa ngapi, taa zipi hubadilika kwa mfuatano, jengo lipi lina mlango wa nyuma.

Ndugu msomaji, hiyo ni siku ya kazi ya tarishi. Karatasi ya vituo ni nakala ya karatasi ya kazi anayopewa na ofisi yake. Muhuri ni sahihi ya mpokeaji wa mzigo. Mbinu za njia ni zile alizojifunza akipeleka hati za mawakili mahakamani kabla dirisha la karani halijafungwa, au michoro ya wasanifu kwa wateja wasiopenda kungoja. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ustadi unaotuacha vinywa wazi mbele ya Line of Sight uliundwa na malipo ya kipande. Katika miji hiyo matarishi wengi hawakuwa waajiriwa. Walihesabiwa kuwa wakandarasi huru wanaolipwa kwa kila mzigo uliofika. Baiskeli ni yao, matairi ni yao, mfupa ukivunjika ni wao. Kwa mtu wa namna hiyo, dakika moja kwenye taa nyekundu ni sehemu ya chakula cha jioni.

Kwa nini basi mtu aliyekimbizwa na saa kwa siku tano aamue kukimbia tena siku ya sita, bila malipo? Nadhani jibu tunalo katika historia yetu wenyewe. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, alieleza habari za Beni, ngoma iliyostawi Lamu, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam enzi za ukoloni. Vyama vya Marini na Arinoti viliiga gwaride la wakoloni, vyeo vya maofisa wao na tarumbeta zao. Watu walioamrishwa kutwa nzima waliichukua amri yenyewe, wakaifanya mchezo wao, na humo wakagawana vyeo ambavyo mkoloni asingewapa. Mbio za matarishi zina hali kama hiyo. Siku ya mbio karatasi ni ileile, mitaa ni ileile, saa ni ileile, ila bosi hayupo. Heshima anayoipata mshindi hutoka kwa wenzake, ambao ndio pekee wanaojua alichokifanya ni kigumu kiasi gani. Kuziita mbio hizi uhuni mtupu ni kutoelewa watu wanavyojitafutia utu mahali ambapo kazi imewanyima.

Hapo ndipo sifa zangu kwa filamu hii zinapokutana na lawama zangu. Kamera iliyo juu ya kofia huona kile tu ambacho mwendeshaji anakitazama. Huona pengo kati ya magari. Haioni uso wa mama anayerudi nyuma kwa hofu ukingoni mwa barabara, kwani kufikia wakati huo ameshaachwa. Haioni ofisi ya kampuni ya usambazaji, haioni karatasi ya malipo ya wiki, haimuoni tarishi wa miaka hamsini ambaye goti lake limekwisha na hana pensheni. Filamu inatupa raha ya kasi bila kutuonyesha bei yake wala mlipaji wake. Nilipoijadili na wanafunzi wangu, mmoja alisema alitoka akiamini kwamba hawa ni watu huru kuliko wote duniani. Mwenzake akamuuliza kama mtu huru hukimbia hivyo. Sikuona haja ya kuongeza neno.

Hollywood ilikwenda mbali zaidi. Katika Premium Rush mhusika mkuu amesomea sheria katika chuo kikuu chenye jina kubwa, kisha amekataa kufanya mtihani wa uwakili kwa sababu anapenda baiskeli kuliko suti. Kwa hila hiyo moja kazi ya mkono imegeuzwa chaguo la moyo, na umaskini umekuwa mtindo wa maisha. Wakati wa kupiga picha, Gordon-Levitt aligonga kioo cha nyuma cha teksi akashonwa nyuzi 31 mkononi, na tukio hilo likawekwa mwishoni mwa filamu kama kionjo. Jeraha la mwigizaji lilikuwa habari kwa dunia. Jeraha la tarishi ni siku asiyolipwa. Line of Sight walau haidanganyi kwa namna hiyo: watu wake ni watu wa kweli, na wanapoanguka huangukia lami ya kweli. Kosa lake ni kunyamaza.

Ukimya huo una madhara, kwa sababu serikali nayo hutazama barabara kwa jicho kama la kamera ile. Chukua mfano wa New York. Julai 1987 Meya Ed Koch alitangaza marufuku ya baiskeli katika barabara tatu kuu za katikati ya Manhattan, yaani Fifth, Madison na Park, siku za kazi kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Malalamiko ya watembea kwa miguu yalikuwa ya kweli, na meya alikuwa na wajibu wa kuyasikiliza. Lakini tazama alichokiona: aliona magurudumu. Hakuuliza ni kampuni zipi zinazoahidi wateja wao mzigo kufika kwa dakika kadhaa, wala ni utaratibu gani wa malipo unaomfanya kijana aione taa nyekundu kama adui. Matarishi walijaa barabarani kupinga, wakiendesha polepole kwa makundi katika barabara zilezile walizokatazwa. Kabla ya mwaka kwisha mahakama iliitengua marufuku ile kwa kuwa jiji halikufuata utaratibu wa kuutangazia umma. Amri ikafa, na malipo ya kipande yakaendelea kama kawaida.

Najua kuna watakaoniuliza: Je, daktari, unatetea uvunjaji wa sheria? Sitetei. Februari 2008 huko Chicago, kijana wa miaka 29 aliyekuwa akishiriki mbio za aina hii aliingia makutano wakati taa ikiwa nyekundu, akagongwa na gari, akafa. Yapo pia maisha ya dereva aliyemgonga, ambaye hakuomba kuingizwa katika mchezo ule. Barabara ni mali ya wote, na mwenye haki ya kwanza juu yake ni yule dhaifu kuliko wote: mtoto, mzee, mwenye fimbo nyeupe. Anayezigeuza njia za umma kuwa uwanja wake, awe juu ya baiskeli au ndani ya gari la kifahari lenye king'ora, anawanyang'anya wengine haki yao. Nakubali pia kwamba hakuna aliyemlazimisha mtu kushiriki mbio zile. Ila nasisitiza kwamba kuna tofauti kati ya mbio za mapumziko na mbio za siku ya kazi. Za mapumziko wanaweza kuziacha wakitaka. Za siku ya kazi hawaziachi, maana ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Na hizo za kila siku hazijawahi kutengenezewa filamu ya kusisimua.

Inawezekana kutunga sheria inayoitazama saa badala ya gurudumu. Januari 2017 baraza la usuluhishi wa kazi jijini London liliamua kwamba tarishi wa baiskeli aliyekuwa akifanyia kazi kampuni ya CitySprint hakuwa mfanyabiashara huru kama mkataba wake ulivyodai, na hivyo alistahili haki za msingi za mfanyakazi, zikiwemo likizo yenye malipo. Desemba 2023, baada ya mvutano mahakamani, jiji la New York lilianza kuzitaka kampuni zinazosambaza chakula kwa programu za simu ziwalipe wasambazaji wao kima cha chini cha dola 17.96 kwa saa kabla ya bakshishi. Ushindi huu si kamili. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba waendeshaji wa Deliveroo hawamo katika uhusiano wa ajira unaowapa haki ya kulazimisha majadiliano kupitia chama chao. Hata hivyo swali limebadilika. Mwaka 1987 jiji la New York lilijiuliza namna ya kuwaondoa waendeshaji barabarani. Miaka 36 baadaye jiji hilohilo lilijiuliza wanalipwaje.

Sasa tuje nyumbani, kwani msomaji wangu atakuwa ameshaona ninakoelekea. Bodaboda, neno tunalolitumia leo kwa pikipiki, lilianza na baiskeli. Miaka ya 1960 katika mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, vijana walivusha watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, wakiita wateja kwa jina la safari yenyewe. Baiskeli imebadilika kuwa pikipiki, na kijana wa leo hubeba abiria asubuhi na kupeleka chakula kilichoagizwa kwa simu jioni. Msingi wa malipo haujabadilika. Wengi wao hapa Tanzania hawamiliki pikipiki wanayoiendesha. Wapo wanaompelekea mwenye chombo hesabu ya siku, na wapo walio kwenye kile kinachoitwa mkataba, yaani kulipa kiasi fulani kila siku hadi chombo kiwe chao. Mvua inyeshe, kijana augue, hesabu haiugui.

Kuhusu daladala jambo hili limechunguzwa kwa kina. Matteo Rizzo, katika kitabu chake Taken for a Ride cha mwaka 2017, anaonyesha kwamba mwendo wa kasi, kujaza abiria kupita kiasi na kukatisha njia katika mabasi ya Dar es Salaam hakuwezi kuelezwa kwa tabia mbaya za madereva. Kunaelezwa na uhusiano wao na wenye mabasi: hakuna mkataba ulioandikwa, kuna kiasi cha kupeleka kila jioni, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho ujira. Dereva anayesubiri taa anapunguza chakula cha nyumbani kwake. Madereva na makondakta hao hawakukaa kimya pia. Waliunda umoja wao, UWAMADAR, wakidai mikataba ya ajira. Wakati sisi abiria tukiwaita wahuni, wao walikuwa wameshalijua jina la tatizo.

Tunayo methali inayosema haraka haraka haina baraka. Ni methali nzuri, na nimeisikia ikitumiwa mara nyingi katika kampeni za usalama barabarani. Lakini humkemea mwenye haraka tu. Anayemharakisha anabaki ndani ya nyumba yake akingoja fedha za jioni. Mabango yetu yanamtaka kijana avae kofia ngumu, asipakie mishikaki, aheshimu taa. Yote ni sahihi. Bado sijaona bango linalomuuliza mwenye chombo: hesabu unayoitaka inapatikana kwa kuheshimu taa?

Kwa hiyo nina maneno matatu, kwa makundi matatu yanayosoma makala haya.

Kwa watumishi wa umma: kabla ya kutoa amri nyingine ya kuwazuia bodaboda kuingia katikati ya mji, fanyeni hesabu rahisi. Chukueni kiasi ambacho kijana anapaswa kukipeleka kwa siku, ongezeni mafuta na chakula, kisha muone zinahitajika safari ngapi na kila safari inabakiwa na dakika ngapi. Kama hesabu hiyo haiwezekani bila kuvunja sheria, basi amri yenu inamwadhibu mtu kwa kutimiza masharti ya mtu mwingine. Tunazo sheria za kazi. Kinachohitajika ni kuziuliza kama zinamtambua mtu huyu, na kama hazimtambui, kuzirekebisha ili hesabu ya siku iwe na ukomo, na anayenufaika na chombo, awe mwenye pikipiki au kampuni yenye programu ya simu, abebe sehemu ya bima na ya matibabu.

Kwa wanaharakati: madai ya njia salama za baiskeli na ya vivuko vya watembea kwa miguu ni madai ya haki, na nayaunga mkono. Yaunganisheni na madai ya ujira. Njia nzuri iliyojengwa pembeni mwa barabara haitamtosha mtu ambaye hesabu yake inamtaka afike kabla ya wakati unaowezekana. Na mkae na vyama vya madereva na waendeshaji wenyewe, maana wao ndio wanaojua kila kona ya jambo hili.

Kwa wanafunzi, hasa mnaosomea filamu na uandishi wa habari: itazameni Line of Sight. Inawafundisha kwamba filamu yenye thamani inaweza kutengenezwa na mtu anayeyajua maisha anayoyapiga picha, kwa kamera ndogo na subira ya miaka mingi, bila kungoja ufadhili wa mtu. Kisha tengenezeni ile ambayo Brunelle na Zenga hawakuitengeneza. Kaeni kijiweni pamoja na bodaboda tangu alfajiri. Pigeni picha ya kungoja, maana kungoja ndiko kunakokula sehemu kubwa ya siku yake. Pigeni picha ya mkono unaohesabu noti saa mbili usiku, na ya simu kutoka kwa mwenye chombo. Kasi iacheni ionekane pale tu inapolazimika, ili mtazamaji atakapoiona ajue imetoka wapi, na akitoka ukumbini amuulize mwakilishi wake swali ambalo mabango yetu hayajaliuliza.